Kishoka Alichotoa Mama

Waliosoma *Hatchet* ya Gary Paulsen utotoni hukumbuka moto. Brian Robeson, mvulana wa miaka 13, amepanda ndege ndogo kwenda kwa baba yake, anayefanya kazi kwenye mafuta kaskazini mwa Kanada. Rubani anapatwa na mshtuko wa moyo angani na kufa. Ndege inaangukia ziwani, msituni. Brian anabaki na kishoka mkandani. Usiku mmoja anamrushia nungunungu kishoka hicho gizani, kinagonga ukuta wa pango na kutoa cheche. Asubuhi anazihangaikia cheche hizo. Nyasi kavu hazishiki. Anachanachana noti yake ya dola 20, nayo haishiki. Mwishowe anapata maganda ya mti, membamba kama nywele, na moto unawaka.

Kwangu nilipokuwa mtoto, kitabu kizima kilikuwa hapo. Leo nakisoma nikiwa mzazi, na jicho linagota kwenye kurasa za mwanzo: kishoka ni zawadi ya mama. Brian amemnunia njia nzima, kwa kuwa alimwona akibusiana na mwanamume mwingine garini, na siri hiyo hajamwambia mtu. Lakini mama anapomwomba akivae, anasikia sauti yake inavyonyongea, anakivaa. Kila mlo atakaopika msituni unatokana na upole ule mdogo.

Kuna jambo jingine ambalo utotoni nililipita upesi. Ndege ya watafutaji inafika, inageuza, inaondoka. Brian anakata tamaa kiasi cha kujaribu kujiua, kwa kishoka kile kile. Paulsen amelitaja kwa maneno machache mno. Mzazi anayemnunulia mtoto kitabu hiki afahamu hilo kabla, na awe karibu mtoto anapofika hapo.

Sidhani Paulsen aliliweka ili kutisha. Alilelewa na wazazi walevi, akawa anakimbilia msituni na kwenye maktaba, alikoingia kuota joto na mkutubi akampa kadi. Mtoto aliyeachwa peke yake hakumsoma vitabuni. Ndiyo maana Brian halii kwa muda mrefu. Anajifunza kwamba kujihurumia hakumletei chakula.

Siku 54 zinapita. Siku hizo hizo, za mama na za baba, hazikuandikwa. Hatuoni nani alikaa karibu na simu, wala walivyolaumiana. Nami kila sura naisoma nikiwa upande wao, nikitamani mtu awaambie tu kwamba mtoto anakula samaki.

Brian anaokolewa, anarudi nyumbani, na siri ya mama hamwambii baba kamwe. Mwanangu, aliyefikia umri wa Brian, anasema alifanya vyema: wazazi wamekwisha achana, maneno yangesaidia nini? Mimi nasema mzigo ule haukuwa wa mtoto kuubeba. Bado hatujakubaliana.