Manzi Alilipwa Asicheze

Maze skia hii. Februari 2015, timu moja ya Russia inaitwa UMMC Ekaterinburg inaambia manzi wa Marekani: msimu wa huko kwenu, wachana nao. Lala. Nyoosha miguu. Doo ya WNBA yenye ungekosa tutakupea sisi, na tutaongeza juu. Manzi anaandikia mafans wake barua, anawashow mwili umechoka, ball ya mwaka mzima imemkamua, so anapumzika. Hakuomba msamaha ya mtu. Huyo ni Diana Taurasi, Dee kwa kifupi. Ako 32, ametoka tu kubeba kombe na Phoenix Mercury, na ligi nzima inamuogopa.

Rudia hiyo part polepole. Alilipwa asicheze.

Sasa peleka hiyo stori kwa mzae yeyote wa mtaa. Ataweka gazeti chini, atakucheki juu ya miwani, atauliza kitu moja: "Hiyo ni kazi?" Hao ndio wasee wanaamini kazi ni file, tai na pensheni. Wakae tu hapo, tuwapigie hesabu.

Hiyo time, staa wa juu kabisa WNBA alikuwa anashika kama dola 107,000 msimu mzima. Kwa rate ya saa hii ni kama mita 14 za Kenya. Utasema si mbaya. Zii, ni mbaya. Hiyo msimu LeBron alikuwa anachukua zaidi ya dola mita 20. Ball ni ile ile, majeraha ni yale yale, tofauti ni sufuri. Halafu ripoti za hiyo time zikasema Ekaterinburg ilikuwa inamlipa Dee karibu dola mita moja na nusu. Hiyo ni mara 14 ya salo ya kwao. Sasa we ungekuwa na mabosi wawili, mmoja anakulipa mara 14 ya mwenzake, ungelala kwa msimu wa nani? Exactly.

Na wasee wanasahau vile maisha ya hao madem ilikuwa imepangwa. Kuanzia Mei mpaka Septemba uko Phoenix, nje ni digrii arobaini na kitu, unacheza gemu 34 ukiongeza playoffs. Ligi inaisha, unapack. Oktoba uko Russia, theluji imefika dirishani, EuroLeague na ligi ya huko mpaka karibu Mei tena. Unarudi. Unaanza upya. Kila baada ya miaka minne wanaongeza Olympics hapo katikati. Hakuna off. Hakuna Disemba ya kwenda ushago. Dee alipiga hiyo raundi karibu miaka kumi kabla hajasema inatosha.

Alitokea wapi? Chino, California. Mbuyu alizaliwa Italy akakulia Argentina, mathe ni wa Argentina, kwa keja wanabonga Spanish. Chuo akaenda UConn, akabeba ubingwa tatu mfululizo, 2002 mpaka 2004. Phoenix wakamchukua namba moja 2004. Hizo ni za CV. Tuingie kwa tamu.

Kwanza luku. Nywele imevutwa nyuma, bun imekazwa mpaka nyusi zinashangaa. Hakuna lashes, hakuna mbwembwe, na bado camera haiwezi kumuacha. Na mdomo je? Huyu manzi alikuwa anachana kila mtu. Marefa walimpiga technical hadi zikawa part ya brand yake. Kobe Bryant mwenyewe ndiye alimpa jina White Mamba, na Kobe hakuwa msee wa kugawa majina ovyo.

Kuna clip moja lazima ucheki. Playoffs za 2013, Phoenix na Minnesota. Dee na Seimone Augustus wamesimama uso kwa uso, mapua karibu yaguse, kila mtu anangoja ngumi. Dee anainama, anampiga Augustus busu ya shavu. Refa kuona hivyo akapiga filimbi, akawapea foul wote wawili. Augustus alichapwa foul ya kubusiwa! Hiyo ndio swag yenye haiuzwi.

Sasa Moscow. Hapo ndio movie iko. Kabla ya Ekaterinburg, Dee alikuwa Spartak, timu ya nje kidogo ya Moscow, bosi akiwa msee anaitwa Shabtai Kalmanovich. Huyo hakuwa bosi wa kawaida. Alikuwa amewahi kuwa jasusi wa Soviet, akashikwa Israel, akafungwa, akatoka miaka ya tisini, akarudi Russia akaomoka. Alipenda ball ya madem kuliko biashara. Dee na mwenzake wa timu Sue Bird walikuwa wanaishi kwa mjengo, dereva wao, kila kitu first class. Hao ni watu wale wale wenye kwao wakisafiri na timu walikuwa wanapanda ndege ya public, magoti yakigonga kiti ya mbele. Kalmanovich hakuwa anatafuta faida. Alikuwa anataka tu timu kali kuliko zote, na akaipata. Spartak ilibeba EuroLeague nne mfululizo, 2007 mpaka 2010.

Halafu Novemba 2009 wasee wakamimina risasi kwa Mercedes yake hapo Moscow. Akamada kwa gari. Wachezaji wake walikuwa katikati ya msimu. Waliendelea, bibi yake akashika timu, na ile kombe ya 2010 wakabeba na yeye hayuko. Mi naona hiyo ndio kombe nzito kuliko zote amewahi gusa, hata kama hakuna mtu huiweka kwa poster.

Na usidhani majuu ilikuwa asali kila siku. Mwisho wa 2010 akiwa Fenerbahçe pale Istanbul, maabara ya Turkey ikasema amepatikana na dawa imekatazwa. Timu ikakata mkataba. Jina likaburutwa kila mahali. Februari 2011 maabara ikageuka, ikasema matokeo yalikuwa na makosa, dem ako safi. Jina ikirudi, nani analipa ile miezi? Hakuna. Hiyo ndio bei ya kuchezea mbali na kwenu: siku mambo yakichacha, uko solo.

Brittney Griner anaijua vizuri zaidi. Alikuwa mbogi moja na Dee Phoenix, wakakutana pia Ekaterinburg, juu ya ile doo. Februari 2022 akashikwa airport ya Moscow na mafuta ya bangi kwa mzigo. Agosti wakampea miaka tisa. Disemba 8 akabadilishwa na Viktor Bout, msee wa kuuza silaha, akarudi nyumbani. Wazae waliuliza kwani alienda kufanya nini huko. Mzae, alienda kazi. Ile kazi ulisema si kazi. Kwao ingemlipa poa, hangepanda hiyo ndege.

Turudi kwa Dee, juu hapa ndio anawasha. Oktoba 2021, gemu ya tano ya semi, Las Vegas. Penny Taylor, mke wake, naye alikuwa msee wa ball kutoka Australia, ako Phoenix mjamzito siku ziko karibu kabisa. Dee anatupia 24, Phoenix inashinda 87-84, anatoka kwa uwanja anakimbilia ndege ya usiku. Mtoi anazaliwa asubuhi hiyo hiyo. Dee ako 39. Watu wa umri huo hapa mtaani wanaulizia tu dawa ya mgongo.

2023, Agosti 3, Phoenix dhidi ya Atlanta. Anahitaji pointi 18 afike 10,000, kitu hakuna dem amewahi fikisha WNBA. Third quarter anaachilia thrii, imeingia, jengo limesimama. Msee wa kawaida hapo anaenda bench kupiga selfie. Yeye akamaliza gemu na 42. Miaka 41! Phoenix wakicheza usiku wao, huku Nairobi ni saa kumi na moja alfajiri, na kama kuna siku ilifaa kuchoma bundles kabla jogoo awike, ilikuwa hiyo.

Kuna yenye haikubamba pia, na siifichi. Paris 2024, gold ya sita. Hakuna mtu kwa ball, dem ama chali, amewahi beba sita. Lakini final alikaa bench mwanzo mpaka mwisho. Hakugusa parquet. Marekani ikatoka 67-66 juu ya France, na ile shot ya mwisho ya Gabby Williams iliingia, imepiga ubao ikaingia, tu kidole cha mguu kilikuwa kwa laini ya thrii. Mbili badala ya tatu. Ingekuwa overtime. Wasee wakacheka eti amepewa medali ya kukaa. Wacheke. Mwili wenye ulicheza misimu miwili kila mwaka karibu miaka kumi una haki ya kukaa. Ekaterinburg walijua hiyo kitu mapema, na walilipia.

Na hiyo mwaka ndio Caitlin Clark aliingia, namba moja, Indiana Fever. Kabla aingie, Dee akasema kwa TV kwamba pro si chuo, reality inakuja. Mafans wa Clark wakamchemkia wiki nzima. Wakapatana Phoenix mwisho wa Juni, Fever ikashinda 88-82. Sawa, kachapwa. Lakini cheki salo ya Clark ya mwaka wa kwanza: dola 76,535. Dem mwenye anajaza viwanja, TV zinamgombania, halafu salo ya ligi ilikuwa kama mita 10 za huku! Yeye anaokolewa na matangazo. Wale wengine kumi na mmoja wa timu je?

Ndio unaona mbona mbogi mpya haina masihara. Ndege za charter zilikuja 2024, baada ya kelele ya miaka. Breanna Stewart na Napheesa Collier wakaanzisha ligi yao Miami, Unrivaled, ikaanza Januari 2025, watatu kwa watatu, salo ya wastani zaidi ya dola 200,000 kwa wiki chache, na wachezaji wana hisa. Hakuna Russia, hakuna theluji. A'ja Wilson akapata ndula zake, Nike A'One, dola 110. Hiyo ni thao 14 kabla hujalipa shipping na kodi, na ile ya pink iliisha kabla uitoe kwa cart. Ukiona ya thao mbili pale tao, usivae mbele ya watu wanajua. Utachoma.

Dee alining'iniza ndula Februari 2025. Pointi 10,646. Thrii 1,447. Hakuna amefika hapo, kwa zote mbili.

Miezi tano baadaye, All-Star ya Indianapolis, mastaa wote wakatoka kupasha misuli na tishati nyeusi, maandishi makubwa kifuani ya kudai ligi iwalipe deni yao. Clark alivaa. Collier alivaa, halafu akaenda akafunga 36, akachukua MVP. Kamishna ameshika mic, anataka kumkabidhi kombe, na jengo zima likaanza kupiga kelele kwa sauti moja: walipeni, walipeni.