Maumivu ya Mgongo Yanayoshuka Mguuni

Mkulima mmoja anainama kuinua gunia la mahindi. Ghafla anasikia mgongo umeshtuka. Kesho yake maumivu yanashuka. Yanatoka kiunoni, yanapita takoni na nyuma ya paja, mpaka kwenye unyayo. Akikohoa, yanazidi.

Jirani mmoja anasema, "Huyu amelogwa." Mwingine anasema, "Alale kitandani mwezi mzima." Wote wawili wanamwonea huruma, lakini wote wawili wamekosea. Tuone kwa nini.

Mgongoni kuna nini?

Uti wa mgongo umejengwa kwa pingili za mifupa. Pingili hizo zimepangana moja juu ya nyingine. Kati ya pingili na pingili kuna kisahani. Kazi yake ni kuzuia pingili zisisagane. Ukingo wa kisahani ni mgumu kama mpira wa gurudumu. Katikati ni laini kama ute mzito.

Umri ukiongezeka, ukingo huo huchakaa. Siku moja hupasuka, na ute hutokeza nje. Ukibana mshipa wa fahamu unaokwenda mguuni, mguu huuma. Kwa hiyo mguu ndio unaolia, lakini ugonjwa uko kiunoni.

Je, ugonjwa huu hupona?

Ndiyo. Wagonjwa wengi hupata nafuu katika wiki 6 hadi 12 bila kupasuliwa. Mara nyingi mwili wenyewe hukipunguza polepole kile kipande kilichotokeza.

Mgonjwa afanye nini nyumbani?

1. Maumivu yakiwa makali sana, apumzike siku moja au mbili. Kisha aamke atembee kidogo kidogo, na kila siku aongeze. Mtu akilala muda mrefu, misuli hulegea na kupona huchelewa.

2. Akandwe kiunoni kwa kitambaa cha maji ya moto, yasiyounguza ngozi.

3. Asikubali kukanyagwa mgongoni wala kuvutwa kwa nguvu. Asichanjwe chale. Wembe haufiki kwenye kisahani, lakini unaweza kuleta pepopunda, homa ya ini au UKIMWI.

Tiba ya zahanati na hospitali

Zahanati inaweza kumpa dawa ya kutuliza maumivu, kama ibuprofeni. Dawa hii imezwe baada ya kula. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo na mama mjamzito wamwambie mganga kwanza. Dawa hairudishi kisahani mahali pake. Inampa mgonjwa nafuu ili aweze kutembea.

Katika hospitali kubwa yuko mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Yeye humfundisha mgonjwa mazoezi ya kutia nguvu misuli ya mgongo na tumbo.

Ikiwa mguu bado unauma sana baada ya wiki 6 au zaidi, daktari anaweza kufikiria upasuaji. Kwanza hupima kwa mashine ya MRI. Picha ya eksirei huonyesha mifupa, lakini kisahani chenyewe hakionekani. Halafu daktari hukiondoa kipande kinachobana mshipa. Nchini Tanzania, kazi hii hufanyika katika hospitali kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam.

Aliyepasuliwa hupata nafuu ya mguu mapema zaidi. Lakini baada ya mwaka mmoja au miwili, wengi ambao hawakupasuliwa huwa na hali inayokaribiana na yake. Kwa hiyo upasuaji usikimbiliwe, wala usiogopwe unapohitajika.

Dalili za hatari

Nenda hospitali siku ile ile ukiona moja ya dalili hizi:

- Mkojo umeziba, au mkojo au choo kinatoka bila wewe kujua.
- Ganzi imeshika makalio na sehemu za siri.
- Mguu unalegea, au unashindwa kuinua unyayo.

Hapo mishipa ya fahamu imebanwa vibaya. Ukichelewa unaweza kupata kilema cha maisha.

Kama maumivu ya mgongo yanakuja pamoja na homa, kukonda na jasho la usiku, nenda ukapimwe kifua kikuu. Ugonjwa huo hushika mifupa ya mgongo pia, na dawa zake zipo.

Tukirudi shambani

Unapoinua mzigo, kunja magoti. Uweke mzigo karibu na mwili. Usijipinde ukiwa umeubeba. Gunia zito ligawe, au mwite mwenzako mshike pande mbili. Haba na haba hujaza kibaba. Mahindi yatafika ghalani, na mgongo wako utabaki mzima.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini mguu huuma wakati ugonjwa uko kiunoni?
2. Kwa nini si vizuri kulala kitandani mwezi mzima?
3. Taja dalili tatu za kwenda hospitali siku ile ile.
4. Hapa kijijini petu, ni kazi gani zinazochosha mgongo? Tunaweza kusaidianaje?