Volteji Inayoamshwa katika Koili: Utata wa Neno "Masafa"

Makala hii inafafanua jinsi mawimbi ya waifai ya nyumbani yanavyoamsha volteji katika koili ya waya. Aidha, inaonyesha kuwa kikwazo cha kulieleza jambo hili kwa Kiswahili si fizikia yenyewe, bali ni neno "masafa".

Mkazi wa Ifakara ana mfano mkubwa jirani. Kaskazini ya mji huo, kwenye mto Ruaha Mkuu, kipo kituo cha Kidatu, kilichoanza kuzalisha umeme mwaka 1975 na chenye uwezo wa megawati 204. Humo maji huzungusha sumaku karibu na koili, na volteji huamka. Kanuni yake iligunduliwa na Michael Faraday mwaka 1831: usumaku unaopita ndani ya koili ukibadilika, volteji hutokea, ukitulia, haitokei. Kitenzi "amsha" kinafaa hapa kuliko "shawishi", kwani mwenye kushawishiwa ana hiari, na waya hauna.

Volteji hiyo hutegemea masafa. Lakini masafa yepi? Katika matangazo ya redio neno hili hutaja idadi ya mitikisiko ya wimbi kwa sekunde. Msafiri humaanisha umbali. Utata huu ni mgumu kuutambua kwa sababu maana zote mbili hutoa sentensi ya kweli: koili ikisogezwa mbali mara mbili na mtambo, volteji hupungua kwa nusu hivi. Mwanafunzi aliyeelewa umbali tu atajibu sawasawa, na kiini cha jambo kitakuwa kimempita. Hapana budi basi kutumia "marudio" kwa mitikisiko, na kuuacha umbali uitwe umbali.

Umeme wa Kidatu una marudio 50 kwa sekunde. Waifai ya kawaida ina bilioni 2.4. Mtambo wa waifai wenye nguvu ya wati 0.1, ukiwa mita 3 kutoka kwenye kitanzi kimoja cha waya chenye eneo la sentimita 1 ya mraba, huweza kuamsha milivolti 3 hivi. Usumaku wa kiasi hicho hicho, kwa marudio ya Kidatu, ungeamsha volteji ndogo kuliko hiyo takriban mara milioni 48.

Je, vitanzi 100 vitatoa milivolti 300? La. Urefu wa wimbi hilo ni sentimita 12.5 tu, waya ukizidi sana urefu huo, sehemu zake hupingana badala ya kusaidiana. Fundi akiunga mita ya kawaida, itaonyesha sifuri, maana haiwezi kufuata marudio makubwa kiasi hicho. Diodi ya silikoni nayo huhitaji takriban volti 0.6 ili ipitishe mkondo wa kutosha. Redio ya betri hupokea volteji hafifu ya jinsi hii katika koili yake, lakini huikuza kwa transista, na nguvu ya sauti isikikayo hutoka katika betri.