Unanuna, bae haoni? Soma hii kama mpenzi wako ana usonji

Umemwambia bae "niko sawa" na wewe hauko sawa hata kidogo. Ulitarajia ashike kwa sauti tu kwamba umenuna. Yeye amejibu "poa" akaendelea kucheki muvi yake. Saa hii ushaanza kuambia mbogi yako ati huyo msee hana hisia.

Polepole. Kwa mtu mwenye usonji, "niko sawa" inaweza kuwa na maana moja tu: uko sawa. Wengi wao hushika maneno venye yamesemwa, na yale mafumbo ya sauti na uso yanaweza kuwapita. Si ati hakupendi.

Zamani wataalamu wengi walisema shida iko kwa mwenye usonji pekee, ati hawezi kusoma wengine. Mwaka wa 2012, Damian Milton, msomi Muingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika kuwa kutoelewana huko kunatoka pande zote mbili. Yaani hata wewe humsomi. Akinyamaza unadhani amekasirika, kumbe kelele za nganya zimemmaliza. Asipokuangalia machoni unadhani anakuchocha, kumbe ndio anakuskiza vizuri.

Mnamo 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walipanga watu laini, wa kwanza anapewa stori, anampitishia wa pili, hivyo hivyo hadi wa mwisho. Laini ya wenye usonji watupu ilifikisha stori vizuri tu kama ile ya wasio na usonji. Kwa hivyo kuwasiliana wanajua. Ni njia yao ndio tofauti na yako.

Sasa mtafanyaje?

1. Sema kitu venye kiko. "Nimeumia juu hukunipigia jana" inafika. "Si ujue mwenyewe" haifiki.

2. Ulizaneni mapema: "Unataka nikuskize tu, ama nikusaidie kutafuta suluhu?" Hapo hakuna wa kubahatisha.

3. Mambo yakichemka, andikaneni meseji hata kama mko keja moja. Kuna watu maneno huwatoka vizuri wakiandika kuliko wakiongea.

4. Akitaka kutulia peke yake, msikosane. Lakini aseme muda: "Nipe saa moja, nitarudi tuongee." Kupotea siku tatu bila neno kunakuumiza wewe.

Hii kazi ni ya wawili. Kama ni wewe tu unabadilika kila siku, huo mzigo utakulemea. Usonji pia si leseni ya kukutusi ama kukuchapa. Akifanya hivyo, hiyo ni dharau, na una haki ya kujitoa.

Na usimbandike mtu usonji juu ya video mbili za TikTok. Kuna watu hawaongei sana, basi. Mwenye kuamua ni mtaalamu aliyesomea hiyo kazi. Lakini kusema ukweli wazi wazi hakuhitaji karatasi ya daktari. Unaweza kuanza leo, na bae yeyote.