Je, Wajua? Kiingereza Kutoka Mhunze Hadi Nyarugusu

Je, wajua kuwa Kiswahili kimewahi kuwatoa jasho Wamarekani kwa ajili ya sayansi? Jeffrey Karpicke na Henry Roediger walichukua jozi 40 za maneno, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, wakawapa wanafunzi wa chuo kikuu wajifunze. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008 katika jarida la Science. Wiki moja baadaye, wale walioendelea kujipima, yaani kulitafuta neno kichwani bila kuangalia, walikumbuka takriban asilimia 80. Walioendelea kuyasoma tena na tena bila kujipima waliambulia kama theluthi moja. La kushangaza zaidi, wanafunzi wenyewe hawakuhisi tofauti hiyo: makundi yote yalitabiri kwamba yangekumbuka karibu nusu. Kwa mwalimu wa Kahama mwenye darasa lililofurika hadi mlangoni, hii ni habari njema isiyohitaji bajeti. Wafunike madaftari, waulizwe, wasubiriwe.

Je, wajua kuwa kusubiri nako kumefanyiwa utafiti? Katika miaka ya 1970, Mary Budd Rowe wa Marekani alipima muda ambao mwalimu humwachia mwanafunzi baada ya kuuliza swali. Kwa kawaida ulikuwa kama sekunde 1. Walimu walipouongeza ukafika sekunde 3, majibu yalirefuka na watoto waliokuwa kimya wakaanza kuchangia. Sasa mfikirie mtoto wa Msalala anayeongea Kisukuma nyumbani, akafundishwa kwa Kiswahili miaka yote ya shule ya msingi, na leo anaulizwa kwa Kiingereza. Sekunde 1 haimtoshi hata kulichagua neno la kwanza.

Je, wajua kuwa darasa linaloitikia kwa sauti moja laweza kuwa darasa lisiloelewa? Åsa Wedin, mtafiti kutoka Sweden, alikaa kwenye shule za msingi za Karagwe, ng'ambo ya Chato kuelekea magharibi. Aliona mwalimu akianza neno na watoto wakilimalizia kwa pamoja. Kila mtu anasalimika: mwalimu haumbuki, mtoto haumbuki, kipindi kinaisha. Kilichokosekana ni ujifunzaji. Na huko Karagwe hata Kiswahili ni lugha ambayo watoto wengi huikuta shuleni, kama ilivyo kwa wengi wa vijijini Kishapu na Nyang'hwale.

Kisukuma kina irabu 7. Kiswahili kina 5. Za Kiingereza cha Uingereza, ukijumlisha irabu sahili na zile zinazoungana, zinafika kama 20, ingawa herufi za kuziandikia ni zilezile tano. Ndiyo maana maneno matatu tofauti ya Kiingereza hutoka kinywani mwa mwanafunzi yakiwa neno moja. Sikio lake ni zima kabisa. Limezoea kupanga sauti kwenye vyumba vichache.

Na je, wajua kuwa lafudhi si kosa? Mwaka 1995, Murray Munro na Tracey Derwing wa Kanada waliwasikilizisha watu sauti za wageni wanaoongea Kiingereza. Mara nyingi msikilizaji alisema lafudhi ni nzito sana, kisha akayaandika maneno yote kwa usahihi. Kueleweka na kufanana na mzungu ni mambo mawili. Mtoto wa Mhunze anayechekwa darasani kwa kuchanganya "r" na "l" anafundishwa kunyamaza, na aliyenyamaza hajifunzi lugha yoyote. Hili linaniuma.

Je, wajua kuwa mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, mwaka 1945, alikuwa mtemi wa Kisukuma kutoka Shinyanga? Ni David Kidaha Makwaia, aliyesoma Makerere na baadaye Oxford. Mwenzake alikuwa Abdiel Shangali wa Machame. Wakati ule Kiingereza kilipatikana kwa wachache waliochaguliwa, wengi wao watoto wa watemi. Leo kinadaiwa kwa kila mtoto anayevuka kwenda kidato cha kwanza.

Hapa inafaa tusimame kidogo. Mwaka 1982, Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta ilipendekeza sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili ifikapo 1985. Serikali haikukubali. Mwaka 1984, Clive Criper na William Dodd walipima Kiingereza cha wanafunzi wa Tanzania kuanzia shule ya msingi hadi chuo kikuu. Waliona kuwa takriban asilimia 10 tu ya kidato cha nne walikuwa na Kiingereza cha kiwango ambacho elimu kwa lugha hiyo ingeweza kuanza. Kuanza, baada ya miaka minne ya kufundishwa kwayo! Hata hivyo, ripoti yao ilishauri Kiingereza kibaki kuwa lugha ya kufundishia, na Uingereza ikagharimia mradi wa kukiimarisha. Mimi naamini takwimu zao ziliwaonyesha njia nyingine, na vizazi vya wanafunzi vimelipa gharama ya ushauri ule.

Mtafiti Halima Mwinsheikhe alilijaribu jambo hilo la kufundisha kwa Kiswahili mwanzoni mwa miaka ya 2000 katika biolojia ya sekondari: mada zilezile, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Walipofundishwa kwa Kiswahili, wanafunzi waliuliza, wakabishana, wakaeleza. Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye ni mwalimu wa Kiingereza, amerudia hoja hii kwa miaka mingi: kukitumia Kiingereza kufundishia jiografia si sawa na kukifundisha Kiingereza. Msemaji ni mtu anayekipenda Kiingereza, na hoja yake ni kwamba kifundishwe vizuri, kama somo, na walimu wanaokimudu.

Nigeria walilithibitisha hilo zamani. Mradi wa Ife, ulioanza mwaka 1970 chini ya Babs Fafunwa, uliwafundisha watoto kwa Kiyoruba kwa miaka yote 6 ya shule ya msingi, huku Kiingereza kikifundishwa kama somo na mwalimu maalumu. Watoto hao hawakubaki nyuma kwa Kiingereza, na kwenye masomo mengine walitangulia.

Je, wajua kuwa mwaka 2010 wapimaji wa mpango wa Uwezo walipopita nyumba kwa nyumba kuwapima watoto wa Tanzania, takriban nusu ya wa darasa la saba hawakuweza kusoma hadithi ya Kiingereza ya kiwango cha darasa la pili? Mtihani wa kumaliza shule ya msingi hufanyika Septemba. Januari watoto haohao wanafungua kitabu cha fizikia kilichoandikwa kwa Kiingereza.

Shinyanga ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mradi wa EQUIP-Tanzania uliogharimiwa na Uingereza kuanzia mwaka 2014. Mradi ulitambua kuwa mtoto asiyezungumza Kiswahili nyumbani anaanza shule akiwa na mzigo wa ziada, ukaandaa darasa la utayari: hadithi, michezo, nyimbo, na wasaidizi kutoka kijijini hapohapo. Hadithi hizo zilikuwa za Kiswahili. Nami naona ndipo safari ya Kiingereza inapoanzia, kwa sababu anayejua kusoma lugha moja hajifunzi kusoma upya akifika kwenye nyingine.

Je, wajua kuwa kuanza mapema si dawa? Huko Barcelona, Carmen Muñoz na wenzake waliwalinganisha walioanza Kiingereza wakiwa na miaka 8 na walioanza na miaka 11. Kwa idadi sawa ya saa za masomo, wakubwa walisonga haraka zaidi.

Mzazi wa Kakola au Nyankumbu anakitaka Kiingereza kwa sababu anauona mgodi. Geita ilifunguliwa mwaka 2000, Bulyanhulu 2001, na kabla yake Mwadui, ambako John Williamson alipata almasi mwaka 1940. Tamaa yake ni ya haki kabisa. Na je, anajua kuwa kijana wake aliyeko kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, la Nyarugusu tayari ana akiba? Karasha, kompresa, winchi, jenereta, pampu: Frank Daulton, akichunguza Wajapani, alionyesha kuwa maneno ya mkopo yaliyomo katika lugha ya mtu humrahisishia kujifunza maneno ya Kiingereza yaliyoyazaa. Mwalimu wa jioni angeweza kuanzia kwenye karasha, akaenda kwenye ilani za usalama, ndipo afike kwenye barua ya maombi ya kazi.

Kijana huyo hana muda wa kwenda darasani kila siku. Wala si lazima aende kila siku. Familia ya mwanasaikolojia Harry Bahrick, watu 4, walijifunza maneno 300 ya lugha za kigeni na kujipima kwa miaka. Mwaka 1993 walieleza kuwa vipindi 13 vilivyoachana kwa siku 56 viliwaachia kumbukumbu sawa na vipindi 26 vilivyoachana kwa siku 14.

Je, wajua, mwisho, kilichotokea Fiji? Mwaka 1980, Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu 250 vya hadithi za Kiingereza kwenye madarasa ya la nne na la tano vijijini, vyenye picha na visa vya kuvutia. Watoto walisoma, au walisomewa, kwa dakika 20 hadi 30 kila siku. Walimu walikuwa walewale, na mafunzo waliyopewa yalikuwa machache. Mwaka wa kwanza ulipokwisha, watoto walikuwa wakipiga hatua kwa kasi karibu mara mbili ya wenzao waliobaki na kitabu cha kiada. Mwaka wa pili faida ikaenea hadi kwenye mitihani ya masomo mengine.