Kabla ya kumfuata shoferi, uliza mafuta analipa nani

Ikijulikana hapa kwetu Lweba, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kwamba fulani amejikusanyia pesa ya gari, washauri hawakosekani. Shoferi wa shirika la misaada atamwambia achukue Land Cruiser, maana haijawahi kumlaza njiani. Wa taksi ya Baraka atamsukumia Probox. Kijana aliyekaa Bujumbura atasema RAV4 na hatasikia la mwingine, na shemeji aliye Nairobi atatuma ujumbe mrefu wa sauti akisifu Subaru Forester. Hakuna anayedanganya kati yao. Ila kila mmoja anasimulia gari lake kwenye barabara yake, na mnunuzi hujikuta amenunua jibu la swali ambalo hakuliuliza.

Nikiletewa jambo hili garajini, nauliza kwanza: huyo aliyekushauri, mafuta analipa nani? Na gari likivunjika, nani anatoa pesa ya kulitengeneza?

Shoferi wa shirika halipi hata kimoja. Anasaini bono, tangi linajazwa, matengenezo yana bajeti yake. Sifa anazoipa Land Cruiser ya mfululizo wa 70 ni za haki kabisa: gari hilo lipo sokoni tangu 1984, na nyingi zinazopita kwetu zina injini ya mazutu iitwayo 1HZ, silinda 6, sentimita za ujazo 4,164, isiyo na turbo, na pampu yake inaendeshwa kwa gia, si kwa kompyuta. Mazutu yenye uchafu itaikasirisha, lakini haitaiua siku hiyo hiyo. Ni kweli pia kwamba ina uzito unaopita tani 2, na lita moja huipeleka kilomita 7 au 8 kwenye barabara nzuri, pungufu ya hapo kwenye matope. Mwalimu au mfanyabiashara wa ndagala akilinunua, atalipaki. Nimeona Land Cruiser nzima, yenye afya, imekaa uani inaanikiwa nguo.

Shoferi wa taksi analipa mafuta kutoka mfukoni, kisha jioni anampelekea tajiri hesabu yake. Kwa hiyo anajua matumizi ya esansi kuliko mtu yeyote, na ukimuuliza jambo hilo msikilize kwa makini. Lakini tumbo la gari likigonga jiwe, anayelipa ni tajiri. Ndiyo maana atakusifia Probox bila kukuambia amortisa za nyuma zimebadilishwa mara ngapi. Baba au mama wa familia analipa vyote viwili, mafuta na matengenezo, na gari lake likilala hakuna lingine la akiba. Yeye ni mtu wa tatu, na ushauri wake unapaswa kuwa wa tatu.

Shemeji wa Nairobi ni habari nyingine. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Uganda tangu 2018 imekataza yaliyozidi miaka 15. Gari analolisifu lina umri mdogo, linapita kwenye lami na kunywa mafuta ya kituo. Sisi wa ukingo wa ziwa hununua gari lililokwisha kula miaka 15 au 20, na esansi tunainunua kwa kadafi, muuzaji wa barabarani, kwenye chupa na madumu. Forester ni gari zuri. Ila silinda zake zimelala ubavuni, na kubadilisha plagi tu kunahitaji mikono myembamba na subira. Fundi anayeifahamu yuko mbali.

Tuje kwenye RAV4, kwa sababu ndiyo familia nyingi zinaitaka, na ndiyo inayohitaji maelezo zaidi. Watu husema RAV4 kana kwamba ni gari moja. Kwa fundi ni magari matatu tofauti, na kati ya hayo moja ni mtego kwa mtu wa Fizi.

Ya kwanza, ya kuanzia 1994 mpaka 2000, ina injini 3S-FE ya lita 2. Imezeeka, na utakayoipata imekwisha kuchomelewa hapa na pale. Lakini ni injini ya tabia njema. Mkanda wake wa ndani ukikatika, valvu hazigongani na pistoni. Unafunga mkanda mwingine na kuendelea na maisha.

Ya pili, ya 2000 mpaka 2005, ndiyo imejaa, na kwa sura ndiyo inayopendwa. Zile zilizotengenezwa kwa soko la Japani, zenye usukani kulia, nyingi zina injini ya lita 2 iitwayo 1AZ-FSE. Fungua boneti: kwenye kifuniko cha juu utaona maandishi D-4. Wauzaji huyaonyesha kama sifa. Maana yake ni kwamba esansi haipuliziwi kwenye njia ya hewa kama ilivyo kwa injini za kawaida, bali inaingizwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa mgandamizo unaozidi ule wa kawaida zaidi ya mara ishirini. Kazi hiyo inafanywa na pampu ndogo juu ya injini ambayo haina mafuta yake ya kulainisha. Inalainishwa na esansi yenyewe inayopita ndani yake.

Sasa fikiria esansi ya kwetu. Imevuka ziwa ndani ya mapipa, imemiminwa kwenye madumu yaliyokuwa na mafuta ya mawese, imekaa juani barabarani. Wakati wa mvua ina maji, na maji hayalainishi chuma. Pampu inajikwaruza, mgandamizo unashuka, gari linaanza kuzima likisimama na kukosa nguvu kwenye mlima wa kuelekea Fizi. Isitoshe, kwa kuwa esansi haipiti tena juu ya valvu za kuingizia hewa, hakuna kinachozisafisha, na masizi hujijenga pale mpaka hewa inapita kwa shida. Fundi wa kijijini atabadilisha plagi, atabadilisha filta, atakuomba pesa nyingine, na gari litabaki vilevile. Injini hiyohiyo imo kwenye Toyota Noah nyingi za 2001 mpaka 2007, kwa hiyo onyo hili linazihusu pia. RAV4 ya umri uleule iliyotoka Ulaya, yenye usukani kushoto, huwa na injini ndugu, 1AZ-FE, isiyo na mfumo huo. Ukiipata yenye afya, ongeza dola kidogo uichukue.

Ya tatu, ya kuanzia 2005, mara nyingi ina injini ya lita 2.4, 2AZ-FE, inayopulizia esansi kwa njia ya kawaida. Inavumilia mafuta yetu vizuri zaidi. Ugonjwa wake uko kwingine: boliti za nyuma za kulasi hulegea kwa sababu nyuzi zimechanika ndani ya bloku ya aluminiamu, na maji ya rejeta yanatoroka polepole upande wa nyuma ambako jicho halifiki kirahisi. Ingiza tochi na kioo kidogo. Ukiona alama za rangi ya maji ya rejeta zilizokauka nyuma ya injini, funga boneti na uage. Zile za Japani zina pia gia za CVT, zisizo na ngazi, ambazo zinataka mafuta yake maalumu. Ukimwagia mafuta ya gia ya kawaida, umeliua.

Kuhusu esansi, kuna kipimo ambacho hakina gharama na ambacho kila mwenye gari angefaa kukizoea. Chukua chupa ya maji ya plastiki, inayoonyesha ndani, iliyokauka kabisa. Mwambie kadafi aijaze kwanza hiyo kabla ya kugusa tangi. Atanung'unika: «Papa, esansi yangu ni safi, imetoka Kigoma juzi.» Mwitikie kwa heshima, nunua chupa hiyo, iweke kivulini mahali pasipotikiswa, ukapige habari na watu. Maji ni mazito kuliko esansi. Yatashuka na kujikusanya chini kama duara linaloteleza ukiinamisha chupa, na mchanga utalala chini yake. Kitambaa tunachokifunga kwenye mdomo wa mrija huzuia takataka kubwa, lakini maji mengi hupita. Ukiona duara hilo, mtafute kadafi mwingine, hata kama ni ndugu yako.

Tumbo la gari halipimwi kwa macho. Chukua mita ya seremala. Wauzaji hupima gari likiwa tupu, na gari tupu daima linaonekana refu. Waombe watu watano wakae ndani, ongeza gunia la mihogo nyuma, ndipo ulale chini upime kutoka ardhini hadi kwenye chuma kilicho chini kabisa, mara nyingi bomba la moshi au sahani ya injini. RAV4 iliyoketi sawasawa bado itakuachia nafasi ya kupita kwenye vijito vya Barabara ya Taifa namba 5. Probox itashuka sana. Baadhi ya mafundi huinyanyua kwa kuweka vipande juu ya springi. Nafasi inapatikana kweli, lakini kardani za mbele zinafanya kazi zikiwa zimepinda kuliko zilivyoundwa, na utasikia zikigonga ukikata kona. Kama unainyanyua, nyanyua kidogo.

Hata hivyo siibezi Probox. Ilitoka 2002 kama gari la kusambazia bidhaa Japani, na ile ya mizigo iliidhinishwa kubeba kilo 400 ikiwa na watu wawili, au 250 ikiwa na watano. Injini yake nyingi ni 1NZ-FE, sentimita za ujazo 1,496, ya mnyororo, na injini hiyohiyo imo kwenye Succeed, Fielder, Raum na baadhi ya Ist. Hapa kwetu hilo lina uzito kuliko mashine yenyewe. Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024. Bukavu iliingia mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025. Njia ya kipuri kufika Baraka inaweza kubadilika ndani ya juma moja. Gari ambalo ndugu zake wamejaa Uvira, Bujumbura na Kigoma litapata kipuri hata kikiwa cha kutolewa kwenye lililokufa. Familia ambayo safari zake ni Lweba na Baraka tu, na iliyo tayari kulilaza gari siku ambazo mto umejaa, ingefaidika na Probox ya magurudumu manne yanayovuta, inayopatikana kwa wanaoitafuta, kuliko RAV4 ya D-4.

Hayo «magurudumu manne» nayo yasikudanganye. Ya RAV4 si ya Land Cruiser: hakuna gia ndogo ya kupandia mlima, ni msaada tu wa kutoka kwenye utelezi. Na msaada huo hufa mapema kwa sababu ya tairi. Tairi moja likiisha tunanunua moja, la saizi iliyopatikana. Magurudumu yanazunguka kwa mwendo usiolingana, na kifaa kinachogawa nguvu kati ya mbele na nyuma kinachemka mpaka kinaganda. Kulijua ni rahisi: kwenye uwanja mkavu, kunja usukani mpaka mwisho, tembea polepole. Gari likijivuta na kurukaruka kama limeshikwa, kifaa hicho kimekwisha.

Jambo ambalo sijawahi kumsikia shoferi akilitaja ni upande wa mlango. Kongo tunaendesha kulia. Japani, kama Tanzania na Kenya, wanaendesha kushoto. Usukani wa kulia watu wamekwisha kuuzoea, ingawa ukitaka kulipita roli unahitaji mtu wa kukaa kushoto akuangalizie. Lakini Noah za zamani, zile za kabla ya 2001, na Hiace nyingi za Japani zina mlango mmoja tu wa kuteleza, upande wa kushoto. Simama pembeni mwa barabara mbele ya shule: mlango huo unafunguka katikati ya njia, pikipiki zinakopita. Kwa mtu mwenye watoto wadogo, mimi ningeikataa van ya namna hiyo hata kama bei inachekesha. Noah za baadaye zina milango pande zote mbili.

Siku ya kwenda kuliangalia, fika mapema na gusa injini kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, muuzaji ameiamsha kwanza ili isikusimulie shida zake. Geuza ufunguo bila kuwasha: taa ya injini kwenye dashibodi lazima iwake, kisha izime gari likishanguruma. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameitoa balbu. Inua mazulia chini ya viti. Udongo mwembamba wa kijivu na boliti zenye kutu humaanisha gari limewahi kuzama, na kwa jinsi ziwa lilivyopanda miaka hii, hayo si machache.

Kisha karatasi. Soma namba ya fremu iliyopigwa kwenye chuma, si ile ya kibandiko, uilinganishe na karti rozi na hati ya forodha ya DGDA. Magari mengi huingia kupitia mpaka wa Kavimvira yakiwa na plaki ya Burundi na ruhusa ya muda, na muuzaji huahidi kwamba forodha itamalizwa baadaye. Deni hilo linabaki na gari, na utalikuta kwenye bariyeri ya kwanza. Namba ikitofautiana hata kwa herufi moja, usiache hata avansi.