Kumpiga Ndege Picha kwa Mbali

Katika msitu wa Chome, juu ya Milima ya Upare ya Kusini wilayani Same, yuko ndege mdogo mwenye duara jeupe kuzunguka jicho lake. Wataalamu humwita Zosterops winifredae, wala hapatikani po pote pengine duniani ila katika milima hiyo. Basi mtu akitaka picha yake, afanyeje?

Akimkaribia, ndege huruka. Tena kama ana kiota, mayai hupoa, au makinda hubaki wazi kwa nyoka.

Dawa yake ni lenzi ndefu. Lenzi hupimwa kwa milimita: ya kawaida ina 50, na ndefu yaweza kuwa na 400, yaani mara 8. Kwa hiyo mwenye lenzi ndefu, akisimama hatua 40, humpata ndege kwa ukubwa ule ule ambao mwenye lenzi ya kawaida angempata kwa hatua 5.

Lakini lenzi ndefu hukuza pia mtikisiko wa mkono. Yafaa tuiegemeze juu ya jiwe au gogo, na kamera ifumbue na kufumba kwa sehemu moja ya 500 ya sekunde, au upesi zaidi. Kazi hiyo yataka mwanga mwingi, na ndani ya msitu mwanga ni haba. Basi na tungoje ukingoni, jua likiisha kupanda.

Hata tukiwa mbali, ndege akilia kwa hofu au akikawia kurudi kiotani, na tuondoke. Picha twaweza kuipata siku nyingine. Mayai yaliyopoa kwa muda mrefu huenda yasianguliwe.